Mota ya Umeme Isiyo na Makelele kwa Baiskeli ya Kuegemea

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuna aina ya baiskeli ambayo haijulikani sana kwetu. Ina magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na mwendeshaji wake haketi juu ya tandiko bali huegemea katika kiti kipana, mgongo umelala na miguu imenyooshwa mbele. Pedeli na krenki ziko mwisho wa bomba refu lililochomoza mbele ya magurudumu, na mnyororo, ambao hauna budi kusafiri kutoka hapo hadi gurudumu la nyuma, huweza kupindukia urefu wa mita 3. Kiti kiko chini kiasi kwamba aliyeketi anaweza kuigusa ardhi kwa kiganja.

Kuendesha kwa kuegemea si jambo la jana. Mnamo tarehe 7 Julai 1933 Mfaransa Francis Faure, akiendesha baiskeli ya kuegemea ya magurudumu mawili iliyobuniwa na Charles Mochet, alikwenda kilometa 45.055 kwa saa moja na kuivunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mashindano ya baiskeli kiliitoa aina hiyo katika mashindano yake, na kwa miaka mingi baadaye ikabaki kuwa kitu cha mafundi wachache wenye shauku.

Leo wanaoitaka baiskeli ya kuegemea ya magurudumu matatu wengi wao si washindani. Ni wazee, ni watu waliopata kiharusi wakapoteza mizani ya mwili, ni wagonjwa wa viungo na wa mishipa ya fahamu. Kwao sifa kubwa ya chombo hiki ni moja tu: hakianguki. Baiskeli ya kawaida hupata uthabiti kwa kwenda; ikipungua mwendo sana huyumba, na ikisimama hulala. Hii ya magurudumu matatu huweza kupanda kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikasimama katikati ya mpando, mwenyewe akapumzika kitini, kisha akaendelea. Msomaji na aikumbuke sifa hii, maana uchaguzi wote wa mota unaitegemea.

Kasoro yake ni uzito. Nyingi zina kilo 18 au zaidi hata kabla ya kutiwa mota, na mwendeshaji hawezi kusimama juu ya pedeli akazikandamiza kwa uzito wa mwili wake kama afanyavyo mwendesha baiskeli ya kawaida. Ana misuli ya miguu tu. Misuli hiyo ikiwa imedhoofika, kilima kidogo chatosha kumfungia njia ya kwenda dukani au kwa daktari. Ndipo mota ya umeme inapoingia, na pamoja nayo swali la kelele.

Kwa nini kelele iwe jambo zito

Mtu anaweza kusema kwamba anayepata mota ya kumvusha mlima hana haki ya kulalamikia sauti yake. Hoja hiyo haitoshi. Mwendeshaji wa baiskeli ya kuegemea yuko chini sana barabarani, na kwa namna alivyoegemea si rahisi ageuke kutazama nyuma. Hutegemea vioo viwili vidogo, na hutegemea masikio. Gari linalotoka nyuma husikika kabla halijaonekana kiooni, na sauti ya mota inayovuma mfululizo mbele ya uso huifunika sauti hiyo hasa wakati gari lingali mbali. Jambo hili limezidi kuwa na maana tangu magari ya umeme yalipoongezeka. Katika Umoja wa Ulaya kila gari jipya la umeme limelazimika tangu Julai 2021 kutoa sauti ya tahadhari liendapo kwa mwendo usiozidi kilometa 20 kwa saa, kwa sababu ya watu wanaoisikiliza barabara. Ni ajabu basi kwamba anayechaguliwa mota ya baiskeli huulizwa rangi aipendayo kabla ya kuulizwa kama anasikia vizuri.

Tena kelele hiyo huja wakati mbaya kuliko wote. Kwenye tambarare na mteremko upepo huvuma masikioni na kuimeza sauti ya mota. Juu ya kilima, kwa mwendo wa kilometa 6 au 8 kwa saa, hakuna upepo, na hapo ndipo mota inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Mwenye chombo huisikia yote.

Kilima na hesabu yake

Ichukuliwe kwamba baiskeli, mwendeshaji, betri na mizigo vina jumla ya kilo 120, na kwamba barabara inapanda mita 8 kwa kila mita 100. Kani inayohitajika kuushinda mpando huo ni nyutoni 94 hivi. Zikiongezwa nyutoni 9 za ukinzani wa matairi, jumla ni nyutoni 103. Kwa mwendo wa kilometa 8 kwa saa, yaani mita 2.2 kwa sekunde, nguvu inayotakiwa kwenye tairi ni wati 230 hivi. Sehemu moja ya kumi ikichukuliwa kuwa hupotea katika mnyororo mrefu na vipuli vinavyouelekeza, kwenye krenki zinatakiwa wati 255. Mgonjwa aliyetajwa hapo juu ichukuliwe kwamba anatoa wati 60. Zinazobaki, wati 195, ni za mota.

Sasa mota hiyo iwekwe wapi? Magurudumu ya mbele ni mawili, tena kila moja limeshikwa upande mmoja tu wa ekseli, hivyo mota ya huko ingebidi iwe jozi na iundwe kwa namna ya pekee. Zinabaki sehemu mbili: ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, au kwenye krenki.

Mota ya habu isiyo na gia ndani yake ndiyo tulivu kuliko zote. Haina meno yanayogongana. Sumaku zimepangwa kwenye duara la nje, koili zimekaa katikati, basi. Katika nchi tambarare, kama Uholanzi, hakuna sababu kubwa ya kutafuta nyingine. Lakini mota hiyo huzunguka sawasawa na gurudumu lake. Ikiwa imetengenezwa ifanye kazi vizuri kwa mwendo wa kilometa 32 kwa saa, kwa mwendo wa kilometa 8 inazunguka robo ya hapo. Ili itoe nguvu ileile kwa robo ya mizunguko, haina budi kuzungusha kwa kani mara 4. Kwa kani mara 4 inahitaji mkondo wa umeme karibu mara 4. Na joto linalozalishwa katika nyaya za koili huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, yaani mara 16. Kwa dakika mbili mota itavumilia. Kwa kilima cha nusu saa itajizima yenyewe ikiwa ina kinga ya joto, au itaungua ikiwa haina. Ile sifa ya kwenda polepole bila kuanguka, ambayo ndiyo fadhila ya baiskeli ya magurudumu matatu, ndiyo inayoiua mota ya habu.

Mota ya kwenye krenki haina shida hiyo, kwa kuwa nguvu yake hupita katika mnyororo na gia zilezile anazozitumia mwendeshaji. Kampuni ya Yamaha ya Japani ndiyo iliyouza kwa mara ya kwanza, mwaka 1993, baiskeli ambayo mota yake iko kwenye krenki na huongeza nguvu kwa kadiri mguu unavyosukuma. Katika mfano wetu gurudumu la nyuma lenye kipenyo cha sentimeta 66 huzunguka mara 64 kwa dakika. Mwendeshaji akiwa na gia ya meno 30 mbele na ya meno 33 nyuma, miguu yake huzunguka mara 70 kwa dakika, mwendo ambao magoti huupenda. Mota nayo huzunguka kwa kasi iliyokusudiwa na mtengenezaji wake.

Hapa kuna jambo ambalo matangazo ya biashara huliruka. Wati 195 kwa mizunguko 70 kwa dakika ni kani ya kuzungusha ya nyutoni-mita 27 tu. Mota zinazosifiwa sana hutangazwa kwa nyutoni-mita 85: ndivyo ilivyokuwa Bosch Performance Line CX ya mwaka 2020, ndivyo na Shimano EP8 ya mwaka huohuo. Idadi hizo zilikusudiwa vijana wanaorukia mawe milimani kwa baiskeli za magurudumu mawili, ambao wakipunguza mwendo mno wataanguka, na kwa hiyo hawawezi kutumia gia ndogo kupita kiasi fulani. Mwenye magurudumu matatu anaweza. Hata barabara ikipanda mita 15 kwa kila mita 100, akishuka hadi kilometa 5 kwa saa na akawa na gia ya meno 22 mbele na 38 nyuma, mota yake itadaiwa nyutoni-mita 31 hivi. Gia ndogo ni rahisi kuliko mota kubwa, na haina kelele.

Sauti inatoka wapi

Mota ya krenki ni ndogo na huzunguka kwa kasi, mara elfu kadhaa kwa dakika, wakati krenki huzunguka mara 70. Kati ya hizo mbili lazima pawe na gia za kupunguza kasi, na humo ndimo sauti inamozaliwa. Ichukuliwe kwamba mota huzunguka mara 40 kila krenki izungukapo mara moja, na kwamba gia yake ya kwanza ina meno 12. Kwa mizunguko 70 ya krenki, mota huzunguka mara 2,800 kwa dakika, na meno yake hugongana na meno ya gia ya pili mara 560 kwa sekunde. Hiyo ni sauti kamili, iliyo katikati ya sauti za kuimba. Mwendeshaji akiharakisha miguu hadi mizunguko 90, migongano hufikia 720 na sauti hupanda, kama mtu anayekaza uzi wa gitaa. Ndiyo sababu watu wawili wenye mota moja hutofautiana kuhusu kelele yake: mmoja huzungusha miguu polepole, mwingine upesi.

Chanzo cha pili ni umeme wenyewe. Kifaa kinachoongoza mota huugawa umeme wa betri kwa koili tatu kwa zamu. Vifaa vya bei ndogo huukatakata kwa hatua sita kali, na kila hatua huipiga mota kama kofi dogo. Vilivyo bora huupandisha na kuushusha mkondo kwa mawimbi laini. Tofauti husikika hasa wakati wa kuondoka.

Watengenezaji wamejaribu njia nyingi za kuituliza gia. Meno yaliyokatwa mshazari hushikana taratibu, kwa kuwa jino moja huanza kupokea mzigo kabla jingine halijauachia. Gia moja ikiwa ya nailoni na mwenzake wa chuma, mgongano hupoozwa. Ndivyo ilivyo katika Bafang BBS02, ambayo wengi huinunua kwa sababu ya bei yake. Lakini nailoni hulegea kwa joto, na meno yake ndiyo ya kwanza kuliwa. Kampuni ya Brose ya Ujerumani iliingia sokoni mwaka 2014 na mota ambayo hatua mojawapo ya kupunguza kasi si meno kwa meno bali ni mkanda. Aliyewahi kusimama penye mashine ya kusaga nafaka anajua kwamba mkanda huzomea tu pale gia ingelia. Mwaka 2022 ilitokea mota ya TQ, pia ya Ujerumani, yenye mtambo wa duara la pini ambamo meno mengi hushikana kwa pamoja badala ya moja au mawili, hivyo hakuna jino linalopokea pigo zima. Ina uzito wa kilo 1.85 na hutoa nyutoni-mita 50. Kwa kijana wa milimani idadi hiyo ni ndogo. Ikilinganishwa na 27 na 31 za mfano wetu, inatosha na kubaki.

Bomba linaloitikia

Mota tulivu mezani si lazima iwe tulivu barabarani. Sauti inayopita hewani hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, na kwa hesabu hiyo mota iliyo mwisho wa bomba la mbele, ng'ambo ya miguu, ingepasa kusikika kidogo. Lakini sauti hupita pia katika chuma. Bomba la mbele ni mrija mtupu ulioshikwa upande mmoja, na kama mrija wowote una mtetemo wake wa asili. Meno ya gia yakigongana kwa marudio yanayoukaribia, bomba huitikia, na mtetemo hufika kwenye fremu na kiti. Mwendeshaji huusikia kwa mgongo kabla ya kuusikia kwa sikio. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kelele hujaa ghafla katika kasi moja ya miguu, na hupungua kasi hiyo ikizidi au ikipungua. Bomba likivutwa nyuma sentimeta chache kwa mtu mfupi, mahali pa mwitikio huo pia huhama. Boliti zilizolegea za mota huzidisha yote haya, na ni vizuri zikazwe kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kuna pia kelele zisizo za mota kamwe. Mnyororo wa mita 3 hupita katika mirija ya plastiki na juu ya vipuli vyenye meno, na vyote hivyo husema. Baadhi ya watu hununua mota kwa bei kubwa kwa ajili ya utulivu wake, kisha huiunganisha na habu ya Rohloff yenye gia 14, habu bora kabisa, lakini ambayo katika gia ya saba huvuma kiasi cha kuwashangaza wageni.

Mguu dhaifu na kihisi

Mota nyingi tulivu, zikiwamo zote zilizotajwa hapo juu isipokuwa ya Bafang, hupima kani ya mguu na kuizidisha. Mwendeshaji akisukuma kidogo hupata kidogo. Akisukuma sana hupata zaidi. Kwa mtu mwenye misuli ya wastani hakuna mpango wa kupendeza kuliko huu. Kwa yule ambaye mguu mmoja umepooza mambo ni tofauti: mota huchangamka wakati wa mguu mzima na kusinzia wakati wa mguu mgonjwa, na chombo hukokotwa kwa mishtuko. Mota inayohisi tu kwamba krenki inazunguka, bila kujali kwa kani gani, kama hiyo BBS02, humsukuma sawasawa. Ina makelele zaidi, lakini inamfikisha. Mtu kama huyo asichaguliwe mota kwa sikio.

Sheria nazo hubana. Katika Umoja wa Ulaya mota ya baiskeli isiyohitaji usajili haipaswi kuzidi wati 250 za kuendelea, na lazima ikome mwendeshaji anapoacha kupiga pedeli na kabla mwendo haujafikia kilometa 25 kwa saa. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002 ambayo inataja wazi magurudumu mawili au matatu, inaruhusu chini ya wati 750 na mota ya kuendeshwa kwa mkono bila pedeli, ingawa majimbo yana masharti yao. Kwa hiyo mgonjwa wa Marekani ana njia ambayo mwenzake wa Ujerumani hana.

Jambo la kuulizwa kabla ya bei ni namna mota inavyofungwa. BBS02 huingia katika tundu la kawaida la krenki lenye upana wa milimita 68, hivyo hufaa kwa baiskeli ambayo mtu tayari anayo. Zile nyingine zinahitaji fremu iliyotengenezwa kwa ajili yao. Nafuu ni kwamba katika baiskeli ya kuegemea bomba la mbele ni kipande cha peke yake kinachochomolewa, na mtengenezaji akitaka anaweza kuunda bomba jipya lenye kikalio cha mota bila kuigusa fremu nzima. HP Velotechnik wa Ujerumani na ICE wa Cornwall, Uingereza, wameuza baiskeli zao zikiwa na mota za Shimano za krenki.

Namna ya kuijaribu

Majaribio ya uwanja wa duka, penye lami tambarare, hayaoneshi kitu. Inafaa mnunuzi atafute kilima halisi na apakie mizigo ya uzito atakaoubeba. Kwanza apande sehemu fupi mota ikiwa imezimwa, kwa kadiri awezavyo, asikilize mnyororo na mirija peke yake. Kisha aiwashe, aingize gia ndogo kuliko zote, na azungushe miguu mara 60 kwa dakika, halafu 70, halafu 80, huku kiganja kimoja kikiwa juu ya fremu kando ya kiti. Ajaribu pia kusimama katikati ya mpando na kuondoka tena. Gia za mnyororo hazibadiliki chombo kikiwa kimesimama, hivyo asiyekumbuka kushuka gia mapema atakwama; za ndani ya habu hubadilika, na kwa mgonjwa tofauti hii ni kubwa kuliko desibeli kadhaa. Programu za simu zinazopima sauti zafaa kwa kulinganisha tu, kwa simu ileile iliyoshikwa mahali palepale karibu na sikio. Tofauti ya desibeli 10 sikio huihesabu kuwa karibu mara mbili ya sauti. Tofauti ya 1 au 2 haistahili kulipiwa fedha.

Baada ya hapo apande tena kilima hichohicho mara ya pili na ya tatu bila kuiachia mota ipoe. Grisi ikipata joto huwa nyepesi, nailoni hulainika, na sauti ya mota ya dakika ya thelathini mara nyingi si ile ya dakika ya kwanza.